Marshall Field's haikufa, iliuzwa

Jumamosi ya tarehe 9 Septemba 2006, maduka zaidi ya 400 nchini Marekani yaliamkia jina moja. Siku moja kabla, watu wa Boston walikuwa na Filene's yao, wa Pittsburgh na Kaufmann's, wa St. Louis na Famous-Barr, wa Houston na Foley's, na wa Chicago na Marshall Field's. Kulipokucha yote yakawa Macy's, jina la duka la New York. Kampuni ya Federated, iliyokuwa ikimiliki Macy's, ilikuwa imeinunua kampuni ya May, mwenye maduka hayo yote, mwaka uliotangulia kwa dola bilioni 11. Pamoja na majengo, shehena na wafanyakazi, ikapata pia majina ambayo kila mji ulikuwa umeyazoea kwa vizazi. Ikayafuta.

Nazungumzia la Chicago kwa sababu ndiko ninakoishi, na kwa sababu bado nasikia jambo hili likielezwa vibaya. Watu husema soko ndilo lililoamua. Wateja walihamia kwenye vitongoji, kisha mitandaoni, duka likachoka, likafa kifo cha kawaida. Sikubaliani nao. Duka la State Street lilikuwa wazi siku ya Ijumaa na likawa wazi siku ya Jumamosi, na makeshia walewale, ngazi za umeme zilezile na wateja walewale, ila waliokuwa nje na mabango wakipinga. Uamuzi ulipitishwa ofisini, na watu ambao hawakuwa wakiishi hapa.

Kwa wale ambao hawajafika Chicago, naomba msifikirie supamaketi. Jengo lile linachukua kitalu kizima katikati ya mji, kati ya mitaa ya State, Randolph, Wabash na Washington, na lilijengwa kwa awamu kuanzia 1892 hadi 1914. Ghorofa ya chini ni manukato, vito, glavu na mikoba. Ukipanda unakuta nguo, viatu, vyombo, mapazia, vitanda, hadi mahali pa kula. Bibi harusi alinunua shela humo, akaandikisha humo vyombo anavyotaka kuzawadiwa, na mwaka uliofuata akarudi kutafuta nguo za mtoto. Ukisimama penye kaunta za upande wa kusini na kuinua macho, ghorofa kadhaa juu yako unaona dari ya vioo iliyotengenezwa na Louis Comfort Tiffany mwaka 1907: vipande milioni 1.6 vya vioo vya buluu, kijani na dhahabu, vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kwa mkono. Hakuna kiingilio. Mtu yeyote aliyeingia kununua leso aliiona.

Nje, kwenye kona, zipo saa mbili kubwa za shaba, kila moja ikiwa na uzito wa tani saba na zaidi. Ya kwanza ilitundikwa mwaka 1897. Shaba yake imegeuka kijani kwa mvua na theluji za zaidi ya miaka mia moja, na imetokeza nje ya ukuta kiasi kwamba unaiona kutoka mbali ukiwa unatembea njiani. Vizazi vya watu wa hapa viliahidiana kukutana chini ya saa ile. Wachumba, kina mama na binti zao, vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi, wote walijua pa kusubiriana.

Halafu kuna chumba cha kulia cha ghorofa ya saba, Walnut Room, kilichofunguliwa mwaka 1907 na kuvikwa kuta za mti wa jozi. Inasimuliwa kwamba chanzo chake ni muuzaji mmoja wa kofia, Bi. Hering, ambaye siku moja mwaka 1890 aliwagawia wateja waliochoka pai yake ya kuku aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wakapenda, wakarudi na wenzao, na kampuni ikaona bora iweke meza. Tusilichukulie hili kuwa dogo. Zama hizo mwanamke mwenye heshima zake hakuweza kukaa peke yake katika mikahawa mingi ya katikati ya mji bila kuangaliwa vibaya. Akija mjini kununua vitu, ikifika saa sita alilazimika kurudi nyumbani na njaa yake. Duka lile lilimpa mahali pa kukaa, kula, kupumzisha miguu na kuongea na wenzake, bila mwanamume wa kumsindikiza. Kila Krismasi husimamishwa humo mti mkubwa unaopita urefu wa ghorofa moja, na familia hupanga foleni kwa saa nyingi ili wale chini yake. Pai ya Bi. Hering bado iko kwenye menyu.

Mwenye duka naye, Marshall Field, alikuja Chicago mwaka 1856 akiwa kijana kutoka Massachusetts, akaanza kama karani. Alipopata duka lake na wenzake likaungua katika moto mkubwa wa mwaka 1871 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Wiki chache baadaye walikuwa wakiuza tena, ndani ya banda la farasi wa tramu. Sera yake ilikuwa kwamba mteja asiporidhika arudishe kitu na apewe fedha zake, jambo ambalo wauzaji wengi wa wakati wake waliliona wazimu. Mmoja wa vijana aliowalea dukani, Harry Selfridge, alikwenda London na kufungua Selfridges mwaka 1909.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulijua jina hilo. Wageni wangu kutoka nyumbani huwa nawapeleka kwanza kuwaona simba wa Tsavo, wale madume wawili wasio na manyoya shingoni waliowala wafanyakazi wa reli ya Uganda mwaka 1898, daraja la mto Tsavo likijengwa. John Patterson aliyewaua aliwageuza mazulia ya nyumbani kwake kwa takriban robo karne, kisha mwaka 1924 akaziuza ngozi na mafuvu kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Chicago. Jumba hilo linaitwa Field Museum. Ni Field huyuhuyu muuza vitambaa: alitoa dola milioni moja lilipoanzishwa mwaka 1893, na alipofariki mwaka 1906 akaliachia milioni nane nyingine. Kwamba simba wetu wangestahili kuwa wapi, huo ni mjadala mwingine na nina msimamo wangu juu yake. Hapa nataka tuone njia ambayo fedha ilipita. Mama wa Chicago alinunua kitambaa State Street, faida ikabaki mikononi mwa mtu aliyeishi mji uleule, na sehemu ya faida hiyo ikawa jengo ambalo mtoto wa mama yule alipelekwa na mwalimu wake kuona mifupa na mawe ya dunia nzima.

Njia hiyo ilianza kuzibwa kabla ya Macy's. Mwaka 1982 kampuni ya Field's ilinunuliwa na BATUS, tawi la Marekani la kampuni ya tumbaku ya Uingereza. Mwaka 1990 ikauzwa kwa Dayton Hudson ya Minneapolis. Mwaka 2004 ikaenda kwa May ya St. Louis. Mwaka 2005 Federated ikaimeza May. Wamiliki wanne ndani ya miaka 23, na kila mmoja alihamisha kitu. Chini ya Dayton Hudson, makao ya uamuzi yalikwenda Minneapolis. Mwaka 1999 hata chokoleti ilihama.

Chokoleti hiyo inaitwa Frango. Ni kipande kidogo kinachoyeyuka upesi ulimini, chokoleti nje na chokoleti laini yenye mnanaa ndani, kikiwa kwenye sanduku la kijani. Kwa miaka mingi ilitengenezwa juu kabisa, ghorofa ya kumi na tatu ya duka lenyewe, na watu wa hapa walipeleka masanduku yake popote walipokwenda kusalimia ndugu, kama sisi tunavyobeba halua ya Mombasa au Zanzibar. Utengenezaji ulipohamishiwa Pennsylvania meya wa mji alilalamika hadharani. Wapo waliocheka kwamba meya anahangaika na peremende. Mimi naona alikuwa ameuona mwelekeo mapema kuliko wengi. Kilichoondoka ghorofa ya kumi na tatu ni ajira za watu na ujuzi wa mikono yao, na aliyeamua viondoke hakuwa mtu ambaye wangekutana naye njiani.

Kwa hiyo Federated walipofika, jina lilikuwa karibu kitu cha mwisho kilichobaki Chicago. Walitangaza Septemba 2005 kwamba litaondolewa. Sababu zao hazikuwa za siri: jina moja nchi nzima, tangazo moja la televisheni badala ya kumi, ununuzi wa pamoja, na gwaride la Macy's la New York, lililoanza 1924, ambalo nchi nzima hulitazama kila Novemba. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri. Maelfu ya watu walitia sahihi kupinga. Wengine walizikata vipandevipande kadi zao za kukopea na kuzituma kwa kampuni. Siku ya mabadiliko mamia walikusanyika chini ya saa, na walirudi palepale mwaka baada ya mwaka kila ilipofika tarehe ileile.

Wapinzani hao wakaitwa watu wa kale wanaolilia ubao wa jina. Lakini miaka miwili haikupita kabla Macy's wenyewe hawajaanzisha mpango walioupa jina My Macy's, wa kuweka maafisa wilayani ili maduka yauze bidhaa zinazoendana na watu wa pale. Chicago ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Yaani kampuni iligundua kwa gharama kubwa jambo ambalo mnunuzi wa mali wa Field's alilijua kwa kuamka asubuhi na kufungua dirisha: upepo wa ziwani unaanza lini, koti gani linavaliwa hapa Oktoba, wanawake wa mtaa gani wanapenda nini. Mwaka 2009 mpango ukapelekwa nchi nzima, na katika tangazo lilelile wakapunguza nafasi za kazi 7,000 na kuukusanya ununuzi mkuu New York. Walimrudisha mtu wa kusikiliza, na aliyeamua akabaki mbali.

Sasa, wapo watakaoniambia Field hakuwa malaika, na wako sahihi. Alivichukia vyama vya wafanyakazi. Baada ya ghasia za Haymarket hapa Chicago mwaka 1886, bomu liliporushwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, matajiri wenzake walipotaka kuwaombea msamaha wale waliohukumiwa kunyongwa, yeye alikuwa upande wa kukataa. Na kwa miongo mingi ya karne iliyopita maduka makubwa ya State Street hayakumweka Mmarekani mweusi nyuma ya kaunta kuuza. Kazi yake ilikuwa kufagia, kubeba na kuendesha lifti. Mtu mweusi wa Chicago aliyezaliwa miaka ya 1930 anaweza asiwe na chozi hata moja kwa ajili ya Marshall Field's, na sina haki ya kumdai.

Tena Field's nayo ilimeza wengine. Frango yenyewe ilibuniwa Seattle, katika duka la Frederick & Nelson, ambalo Field's ililinunua mwaka 1929. Na mwaka 2001 wamiliki wa wakati huo waliyafuta majina ya Dayton's ya Minneapolis na Hudson's ya Detroit na kuyaita yote Marshall Field's. Watu wa Detroit walikuwa wameshashuhudia mwaka 1998 jengo lao la Hudson's, lililokuwa miongoni mwa maduka marefu zaidi duniani, likiangushwa kwa baruti. Miaka mitatu baadaye hata jina la matawi yaliyobaki likapotea, mara hii kwa kupakwa jina letu. Uchungu walioupata Detroit mwaka 2001 ndio tulioupata sisi 2006.

Haya yote hayanifanyi nibadilishe msimamo, ila yananifanya niuseme kwa usahihi zaidi. Sitetei wema wa matajiri wa zamani. Ninachotetea ni kwamba walifikika. Wafanyakazi waliomgomea Field walijua nyumba yake ilipo. Waliodai kaunta zifunguliwe kwa wauzaji weusi waliweza kusimama State Street wakijua mwenye uamuzi yumo ndani ya jengo lile. Mji ulikuwa na mtu wa kumshika, kumsifu au kumlaani. Aibu ina nguvu kwa mtu anayekutana nawe kanisani na kwenye mazishi, na haina nguvu yoyote kwa jedwali la matawi linalopitiwa katika mji mwingine.

Jedwali hilo ndilo limekuwa likifanya kazi tangu wakati huo. Kaufmann's ya zamani katikati ya Pittsburgh ilifungwa 2015. Dayton's ya zamani katikati ya Minneapolis, 2017. Macy's ya Water Tower Place hapahapa Chicago, 2021. Februari 2024 kampuni ilitangaza kufunga maduka takriban 150 kufikia mwaka 2026. Machi 2025 zamu ikafika Philadelphia, kwenye jengo la Wanamaker lenye kinanda cha mabomba zaidi ya 28,000 na tai mkubwa wa shaba ambaye watu wa kule walikutania chini yake, kama sisi kwenye saa. Maduka haya hayafungwi kwa kulichukia Pittsburgh au Philadelphia. Hufungwa kwa sababu katika hesabu ya nchi nzima yanaonekana kama mstari uliolegea. Kwa mfanyabiashara mwenye duka moja kuu, duka hilo halikuwa mstari. Lilikuwa maisha yake yote, na angefanya kila mbinu kabla ya kuzima taa.

Na hoja ya kwamba yote yangekufa tu? Nendeni Davenport, Iowa, mkaulize Von Maur. Duka lilianza 1872, bado liko mikononi mwa familia, na limefungua matawi hadi kwenye vitongoji vya Chicago wakati Macy's ikipunguza. Au nendeni Reading, Pennsylvania, kwenye Boscov's. Ile ilifilisika kweli mwaka 2008, ikaomba ulinzi wa mahakama. Albert Boscov, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akarudi, akatafuta fedha, na miji ya Pennsylvania yenye matawi yake ikashiriki kupata mikopo ya serikali ili duka lisizame. Alifariki 2017, Boscov's ipo, na familia bado imo. Sisemi kila duka la mji lingeokoka. Mengi yaliendeshwa ovyo, na maduka ya bei rahisi pamoja na intaneti ni mapigo ya kweli. Lakini mahali ambapo mwenye duka alibaki mwenyeji, na mji ukawa tayari kutoa mkono, yapo yaliyoishi.

Chicago ilitoa mkono wake kwa mawe. Jengo la State Street linalindwa kisheria kama urithi, kwa hiyo dari ya Tiffany haitabomolewa na saa hazitashushwa. Hilo ni jema na nawashukuru waliolipigania. Macy's bado wanauza humo, ingawa ghorofa za juu waliziuza mwaka 2018 ili ziwe ofisi. Mabamba ya shaba yenye jina la Marshall Field and Company bado yapo ukutani. Jirani yangu, mama wa umri wa mama yangu, hajawahi hata siku moja kutamka Macy's kwa kulitaja duka lile. Wajukuu wake nao, waliozaliwa baada ya 2006, wanasema Field's kwa kumfuata yeye.

Jina lenyewe bado ni mali ya Macy's. Ilipotokea kampuni moja kutaka kuyatumia majina ya maduka yaliyofutwa, walikwenda mahakamani kuyatetea, Marshall Field's likiwemo. Frango waliiuza mwaka 2017 kwa Garrett, wauza bisi wa Chicago, kwa hiyo chokoleti angalau imepata mwenyeji tena. Nataka na jina lifuate njia hiyo. Kama Macy's hawataki kuliweka juu ya mlango, waliuze kwa watu wa hapa watakaolifanyia kazi, hata kama ni duka la ghorofa moja. Na siku kampuni itakapoamua kuondoka State Street, halmashauri ya jiji isikubali kuzungumzia kodi wala vibali vya jengo na mnunuzi yeyote kabla jina halijawekwa mezani. Uchaguzi wa meya na madiwani ni Februari 2027. Wakati wa kuwauliza wagombea ni sasa, wakiwa bado wanahitaji kura zetu.